Frenchglen: Nyasi Nyingi, Watu Wachache

Barabara namba 205 inatoka Burns, makao makuu ya Kaunti ya Harney katika jimbo la Oregon, Marekani, na kwenda kusini kwa takribani kilomita 95 kabla ya kufika Frenchglen. Njiani hakuna mji. Kuna vichaka vya kijivu vinavyonukia kama dawa ya mitishamba, kuna seng'enge isiyokwisha, kuna vinamasi vilivyojaa matete, na hapa na pale kuna lango la chuma lenye chapa ya ng'ombe mahali ambapo ungetarajia jina la mwenye shamba. Kisha barabara inashuka chini ya kingo za mawe meusi ya volkano, na Frenchglen inajitokeza: hoteli nyeupe ya mbao, duka, posta, shule, nyumba chache na mierebi. Wakazi wake wa kudumu ni kama kumi na wawili.

Kaunti yenyewe ina kilomita za mraba zaidi ya 26,000, karibu sawa na Rwanda nzima. Rwanda ilihesabu watu milioni 13 katika sensa ya 2022. Harney ina watu wapatao 7,500, na wengi wao wako Burns na mji wa jirani wa Hines. Waliobaki wametapakaa kwenye ranchi ambazo jirani wa karibu anaweza kuwa mbali kwa mwendo wa nusu saa ya gari.

Mgeni akiuliza kwa nini nchi kubwa hivi ina watu wachache hivi, ataambiwa kwanza habari ya ukame, na ni kweli. Mvua na theluji ya bondeni kwa mwaka mzima ni kama milimita 250. Lakini ukame peke yake hauelezi kila kitu. Wasafiri wengi huusifia upweke wa Frenchglen kana kwamba uliumbwa pamoja na mlima. Mimi siamini hivyo. Upweke huu ulitengenezwa na watu, kwa amri za serikali, kwa bunduki na kwa hati za ardhi, na alama zake bado zinaonekana bondeni kwa anayetaka kuzitazama.

Tuanze na maji, maana huku kila habari inaanzia hapo.

Mashariki ya kijiji umelala mlima Steens, wenye urefu wa kilomita kama 80 kutoka kaskazini hadi kusini na kilele chenye mita 2,967. Ni bamba moja kubwa la ardhi lililoinuliwa upande mmoja. Ukiupanda kutoka Frenchglen hutambui kwamba unapanda mlima. Barabara ya changarawe inakwenda taratibu, inapita kwenye mireteni, kisha kwenye malisho ya juu yenye maua, na kila kona inafungua mabonde mapana yaliyochongwa na barafu ya kale. La Kiger ndilo linalovutia macho zaidi, limechimbika mfano wa herufi U. Halafu, ghafla, mlima unakwisha. Upande wa mashariki unaporomoka takribani mita 1,700 hadi kwenye jangwa la Alvord, uwanda mweupe wa udongo wa ziwa lililokauka. Nilisimama pale juu upepo ukinisukuma kutoka nyuma, na nikaelewa mara moja jambo ambalo vitabu huhitaji kurasa nyingi kulieleza: mlima hukamata mawingu yatokayo magharibi na kuyakamua, na huko mashariki hakubaki kitu.

Theluji inayorundikana upande wa magharibi huyeyuka majira ya kuchipua na kuingia Mto Blitzen. Mto huo unapita karibu na Frenchglen, unafurika kwenye mbuga za nyasi, unakwenda kaskazini na kuishia katika Ziwa Malheur. Bonde hilo halina njia ya kutokea kwenda baharini. Maji yake huishia humohumo, yakafyonzwa na jua. Kwa hiyo katika nchi kavu kuna mshipi mmoja wa kijani. Anayeshika mshipi huo ameshika nchi yote inayouzunguka, kwa sababu malisho ya mlimani hayana faida kwa mtu asiye na nyasi za kulishia ng'ombe wakati wa baridi.

Wa kwanza kuutegemea mshipi huo walikuwa Wapaiute wa Kaskazini, wale waitwao Wadatika, waliokusanya mbegu kando ya ziwa, wakachimba mizizi, wakavua na kuwinda kwa kufuata majira. Mwaka 1872 Rais Ulysses Grant alitenga hifadhi ya Malheur kwa ajili yao, eneo la zaidi ya hekta 600,000. Hawakukaa nayo. Wafugaji walizidi kuingiza mifugo ndani yake, mgao wa chakula ukawa wa kusuasua, na vita vya kabila jirani la Wabannock vilipozuka mwaka 1878 baadhi ya Wapaiute walivutwa ndani. Adhabu iliwaangukia wote. Januari 1879, katikati ya theluji, watu wapatao 500 waliswagwa kwa miguu na kwa mikokoteni hadi Yakama, katika eneo la Washington, safari ya zaidi ya kilomita 500. Wanawake, watoto na wazee walikufa njiani. Ardhi yao ikafunguliwa kwa wengine. Wachache waliorudi polepole walikaa pembeni mwa Burns kwa miongo mingi, na hifadhi yao ndogo ya sasa ilitambuliwa rasmi mwaka 1972, karne kamili baada ya ile ya kwanza.

Mwaka huohuo wa 1872 ndipo alipofika Peter French.

Alikuwa kijana mfupi wa kimo, mwajiriwa wa Hugh Glenn, daktari aliyegeuka mkulima mkubwa wa ngano huko Kalifonia. Alikuja na ng'ombe wapatao 1,200 na wachunga ng'ombe wenye asili ya Meksiko, mafundi wa farasi na kamba. Akakutana na mtu aliyeitwa Porter, ambaye alikuwa amechoka na upweke. Akanunua ng'ombe wake wachache pamoja na chapa yao, herufi P. Kutokana na chapa hiyo ikazaliwa P Ranch, na kutokana na majina ya tajiri na mwajiriwa wake likapatikana baadaye jina la kijiji. French hakununua nchi yote. Alinunua na kuzungushia seng'enge penye maji, na nchi iliyobaki ikafuata. Kampuni yake ilipofikia kilele ilikuwa na ng'ombe wapatao 45,000, na hekta zaidi ya 50,000 kwa hati.

Alikuwa na akili ya kazi, hilo halina ubishi. Mashariki ya bonde, karibu na kijiji cha Diamond, bado limesimama banda lake la mviringo, lenye kipenyo cha kama mita 30. Ndani yake kuna duara la ukuta wa mawe, na kati ya ukuta huo na ule wa nje kuna njia ya kukimbizia farasi. Paa linabebwa na nguzo za mreteni, zenye vifundo vilevile zilivyotoka navyo porini. Humo wachunga ng'ombe waliwafundisha farasi wachanga wakati theluji imezuia kazi ya nje, ili majira ya kuchipua yakifika wanyama wawe tayari. Ukiingia, macho yanakwenda juu yenyewe. Sijaona banda la mifugo lililojengwa kwa mapenzi kama hilo.

Lakini walowezi wadogo waliofika baadaye walikuta maji yote yamezungukwa na seng'enge ya mtu mmoja. Kesi zikajaa mahakamani. Tarehe 26 Desemba 1897, siku moja baada ya Krismasi, mlowezi Ed Oliver, aliyekuwa na ugomvi na French kuhusu njia ya kupita kwenda shambani kwake, alimpiga risasi French akiwa hana silaha. Baraza la wazee wa mahakama mjini Burns likamwachia Oliver huru. Hukumu ile inaeleza vizuri jinsi majirani walivyomchukulia bwana wa bonde, ingawa haikuwapa walowezi maji waliyoyataka. Ranchi ilipita tu mikononi mwa kampuni nyingine.

Kisha ikaja zamu ya ndege. Mwishoni mwa karne ya 19 wawindaji walikuwa wamewamaliza yangeyange wa Ziwa Malheur kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia za wanawake wa mijini. Mwaka 1908 mpigapicha William Finley alifika ziwani akatafuta ndege hao weupe asiwapate. Ushahidi wake ulimfikia Rais Theodore Roosevelt, ambaye tarehe 18 Agosti 1908 aliweka saini kulifanya ziwa kuwa hifadhi ya ndege. Ni Roosevelt yuleyule ambaye Aprili mwaka uliofuata, akiwa ameshatoka Ikulu, aliteremka Mombasa na kuingia bara kwa safari ya kuwinda, akipeleka vielelezo vya wanyama kwa maelfu kwenye makumbusho ya Smithsonian. Mkono uliookoa ndege wa Oregon ndio uliobeba bunduki katika nyika za Kenya.

Ziwa bila mto ni bure, na ukame wa miaka ya 1930 ulilionyesha hilo waziwazi. Mwaka 1935 serikali ilinunua Bonde la Blitzen pamoja na P Ranch, na vijana wa kambi za kazi za umma wakajenga mabwawa, mifereji, uzio na barabara. Leo hifadhi ya ndege ya Malheur ina hekta takribani 76,000, nayo inafika hadi mlangoni mwa Frenchglen. Nyumba kubwa ya French iliteketea zamani. Kilichobaki ni banda refu, sehemu za uzio wa matawi ya mierebi yaliyosukwa, na mnara wa zamani ambao tai mzoga hulala juu yake kila jioni ya kiangazi.

Hivyo ndivyo kijiji kilivyobaki kidogo. Upande mmoja ni ardhi ya ndege, upande mwingine ni mlima ambao sehemu kubwa yake ni ya serikali, na katikati ni ranchi chache za watu binafsi. Karibu robo tatu ya kaunti nzima ni ardhi ya umma. Hakuna mahali ambapo mji ungepanukia hata kama watu wangetaka.

Na bado pana uhai mwingi. Hoteli ya Frenchglen, jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 linalomilikiwa na jimbo, ina vyumba vinane tu katika nyumba yake ya zamani, na sakafu zake za mbao hulia kila mtu anapopita. Wageni hula chakula cha jioni pamoja kwenye meza ndefu, sahani kubwa zikipita kutoka mkono hadi mkono. Meza hiyo inafundisha kuliko kibao chochote cha watalii. Mwezi Mei inakaliwa na watazamaji wa ndege waliokuja kuona korongo na batamaji. Mwezi Oktoba na wawindaji. Na katikati yao, akipita kuchukua barua au kuuliza habari, huingia mtu mwenye kofia ya ukingo bapa na kitambaa cha hariri shingoni, buti zake zikiwa na matope mabichi. Huyo ndiye mwenyeji.

Kofia ile na kitambaa kile si mapambo ya sinema. Ni urithi wa wachunga ng'ombe wa Kimeksiko waliokuja na French, na kazi bado inafanywa kwa namna yao. Kamba ya kunasia ni ndefu, na mpanda farasi akishamnasa ndama haifungi kwenye tandiko. Huizungusha kwenye pembe ya tandiko na kuishika kwa mkono, ili aweze kuilegeza au kuikaza kadiri mnyama anavyovuta. Namna hiyo humwepusha ndama na mshtuko, lakini huadhibu vikali mtu asiye makini, maana kidole kikikaa kati ya kamba na tandiko kinaweza kukatika.

Mwaka wa ranchi unaanza mwishoni mwa baridi, ndama wanapozaliwa na watu wanalala vipande vipande ili kuamka usiku kuwasaidia ng'ombe wanaoshindwa kuzaa. Kabla ya kiangazi ndama hupigwa chapa, huchanjwa, na madume huhasiwa. Siku hiyo majirani hufika kwa malori ya kubebea farasi, wengine kutoka mbali sana, hufanya kazi mpaka zizi linakwisha, hula chakula cha mchana kwa mwenyeji na kuondoka bila kulipwa. Wiki inayofuata zamu ni ya mwingine. Nilipoona wazee, wasichana na watoto wa shule ya msingi wakipewa kila mmoja kazi inayomfaa, nilikumbuka ujima wa vijijini kwetu, ambao sehemu nyingi sasa unasimuliwa kuliko unavyofanyika.

Kiangazi ng'ombe huswagwa mlimani, huku bondeni nyasi zikikatwa na kukaushwa kwa ajili ya baridi. Majira ya kupukutika kwa majani yakifika hurudishwa, ndama wakauzwa, na hesabu ya mwaka mzima ikafanyika kwa siku hiyo moja ya mauzo.

Malisho ya mlimani hukodishwa na serikali kwa vibali vya miaka kumi kumi, utaratibu uliotokana na sheria ya malisho ya mwaka 1934. Kati ya 2019 na 2025 ada ilikuwa dola 1.35 kwa ng'ombe na ndama wake kwa mwezi. Wanaharakati wa mazingira husema bei hiyo ni ya kutupa. Mfugaji naye hukumbusha kwamba uzio, visima na mabomba ya maji huko juu mara nyingi amechangia au ameweka yeye, na kwamba kibali kinaweza kupunguzwa mwaka wa ukame, ambao ni wakati mbaya kuliko wote wa kuuza ng'ombe. Nimewasikiliza wote wawili, na naona hoja ya mfugaji ina uzito zaidi kuliko wakazi wa mijini wanavyopenda kukiri. Lakini hoja hiyo haifuti ukweli kwamba nyasi zile si zake.

Ubishi huu ulilipuka mbele ya dunia nzima tarehe 2 Januari 2016, pale watu wenye silaha, wengi wao kutoka majimbo mengine, walipoyateka makao makuu ya hifadhi ya Malheur wakidai ardhi irudishwe kwa wananchi. Walianza kwa kisingizio cha kuwatetea wafugaji wawili wa eneo hilo, baba na mwana, waliotakiwa kurudi gerezani kwa kosa la kuchoma ardhi ya umma. Uvamizi ulidumu siku 41 na mtu mmoja akauawa. Viongozi wa Wapaiute wa Burns waliuliza swali ambalo wavamizi hawakuwa na jibu lake: kama ardhi inarudishwa, inarudishwa kwa nani?

Kilichonigusa zaidi ni kile ambacho hakikutokea. Wafugaji wengi wa Harney, hata wale wenye malalamiko yao, hawakujiunga. Walikuwa wameshakaa mezani. Kwa miaka kadhaa, kupitia ushirika wa hapohapo uitwao High Desert Partnership, wafugaji, wataalamu wa ndege, Wapaiute na watu wa mazingira walikuwa wamebishana hadi wakatoa mpango wa hifadhi wa mwaka 2013. Ndani yake ng'ombe na mashine za kukatia nyasi zina nafasi: nyasi za vinamasini hukatwa baada ya ndege kumaliza kulea vifaranga, na zikiisha kuwa fupi bukini na korongo hupata pa kulisha majira ya kuchipua. Mlima Steens nao ulipata sheria yake mwaka 2000. Takribani hekta 69,000 zikawekwa kuwa nyika isiyoguswa, na katika zaidi ya nusu yake ng'ombe hawaruhusiwi kabisa. Wafugaji waliotoka humo walipewa ardhi kwingine na fedha, na baraza la ushauri likaundwa lenye viti vya wafugaji, Wapaiute na wapenda mazingira.

Msomaji wa Tanzania ataona mfano ulio karibu naye. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 kwa ahadi kwamba Wamaasai, ng'ombe na wanyamapori watakaa pamoja. Tangu 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, huku mabishano makali yakiendelea juu ya hiari na haki. Mazingira ni tofauti, na mfugaji wa Oregon ana hati, benki na wakili ambavyo mfugaji wa Ngorongoro mara nyingi hana. Swali la nani anaketi mezani kabla ya uamuzi kutolewa ni lilelile.

Moto haungoji mabishano yaishe. Nyasi za kigeni za msimu mmoja zimeenea kati ya vichaka. Hukauka mapema na kuwaka kama karatasi. Julai 2012 radi iliwasha moto ulioitwa Miller Homestead, ukala takribani hekta 65,000 karibu na Frenchglen pamoja na uzio, malisho na ng'ombe. Kwa kuwa zimamoto wa serikali wanaweza kuchukua saa nyingi kufika, wafugaji wameunda vyama vya kujitolea vyenye malori ya maji na mafunzo yanayotambuliwa na jimbo. Wakiona moshi huacha walichokuwa wakifanya, na mara nyingi wao ndio hufika wa kwanza.

Halafu kuna watoto. Shule ya Frenchglen ina wanafunzi wachache sana, wa madarasa tofauti wakikaa katika chumba kimoja, na idadi yao hupanda au kushuka ranchi moja tu inapoajiri mtu mwenye familia. Wakimaliza darasa la nane wengi huenda Crane, kusini-mashariki ya Burns, kwenye shule ya sekondari ya umma yenye bweni, jambo la nadra sana Marekani. Huko masomo ni siku nne kwa wiki. Jumatatu wanapelekwa, Alhamisi wanarudi nyumbani ambako kazi ya ng'ombe inawasubiri. Kwa Mwafrika Mashariki aliyesoma bweni, kengele, foleni ya chakula na siku ya kurudi nyumbani ni mambo ya kawaida. Wazazi wa huko huyazungumzia kwa moyo mzito, kwa sababu mtoto anaondoka akiwa na miaka kumi na minne.

Wengi wa vijana hao wanataka kurudi. Wanajua farasi, wanajua mashine, wanajua kusoma wingu. Tatizo ni hesabu: ranchi inayotosha familia moja mara nyingi haitoshi mbili, na ranchi ikiuzwa, mnunuzi mwenye uwezo huwa tajiri wa mbali anayetaka mandhari na uwindaji. Ndiyo maana katika mikutano ya Burns, pamoja na korongo, moto na vibali, siku hizi wanajadili namna ya mzazi kumkabidhi mtoto ranchi bila kuivunja vipande, na namna ya kijana asiye na ardhi kupata sehemu ya kundi badala ya sehemu ya mshahara. Familia kadhaa zimeanza kufanya hivyo: kijana analipwa kwa ndama, anawapiga chapa yake mwenyewe, na wanakula nyasi pamoja na ng'ombe wa mwajiri mpaka kundi lake litoshe kujitegemea.